Rivyuu: mafao ya wajane wa vita Uingereza, 1642 mpaka 1679. Nyota mbili, na moja nimeitoa kwa huruma

Wiki hii sirivyuu chipsi wala mabasi ya mikoani, narivyuu ofisi, na uzuri wake ofisi yenyewe ilishakufa zaidi ya miaka 300 iliyopita kwa hiyo hakuna meneja wa kunipigia simu jioni aniambie dada futa ile kitu.

Huduma yenyewe ni mafao ya wajane wa vita kule Uingereza karne ya 17. Msishangae. Mwaka huu nimekuwa namsindikiza mama mdogo kufuatilia mafao ya baba mdogo, Mungu amrehemu, na ukikalishwa kwenye benchi la ofisi tangu saa mbili asubuhi na simu ina bando utasoma chochote kinachopita, mimi nikaangukia kwenye barua za wajane wa kule, zile walizokuwa wanapeleka kuomba hela zao, zipo nyingi mno zimetunzwa kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti zao, na tangu hapo sijatoka.

Kwa ambao historia ya shule ilishapita kushoto: Mfalme Charles wa kwanza aligombana na Bunge lake, 1642 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa, na mapigano yakaisha 1651. Makadirio yanayotumika sana yanasema waliouawa kwa kupigana tu pale England ni kama watu 85,000, hapo hujagusa waliokufa kwa homa za kambini ambao nao ni wengi sana. Sasa piga hesabu ya wajane.

Kwenye matangazo nawapa heko, walijua kutangaza. Oktoba 1642, mwezi ule ule wa pambano kubwa la kwanza la Edgehill, tarehe 23, Bunge likatoa ahadi kwamba askari wake atakayelemazwa atahudumiwa, na atakayeuawa basi mke na watoto wake wataangaliwa. Msichukulie poa hiyo. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya 1593 ya enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza, ile ilimhusu askari aliyerudi hana mguu au hana mkono, kaunti inachangisha kodi kwenye parokia zake anapewa chochote. Mke wa aliyebaki huko huko vitani hakuwemo, yeye alikuwa anakwenda kupanga foleni ya sadaka na maskini wengine wote wa parokia. Kwa hiyo 1642 ndiyo mara ya kwanza pale England wakubwa wanasema kwa kinywa chao kwamba mjane wa askari wa kawaida, yule mbeba mkuki asiye na jina, anatudai. Nyota ya kwanza hiyo hapo, nimeitoa na siirudishi. Ila na sisi sio watoto, Bunge lilikuwa linatafuta vijana wa kwenda kufa na kijana mwenye mke lazima aulize je nikifa huyu nani atamlisha.

Tangazo zuri, dirisha sasa ndio kasheshe.

Madirisha yalikuwa mawili. Moja London, kwenye majumba mawili makubwa, Savoy na Ely House, yaliyogeuzwa kuwa hospitali za majeruhi, na hapo hapo ndipo hela za walemavu na wajane zilipokuwa zinatolewa kwa wiki. Hili la London kwa kweli halikuwa baya. Hata manesi wa pale walitaka ikiwezekana wawe wajane wa askari, yaani mama unapewa kazi na mshahara badala ya kukaa tu unasubiri kuitwa, sisi wenyewe mpaka leo hatujafika huko. Kiwango cha juu kwa aliyelemazwa kilikuwa shilingi 4 kwa wiki, mjane mara nyingi alikuwa chini ya hapo. Lakini London ni London, kama sisi tunavyosema ukiwa Dar karibu na wizara mambo yanaenda, jaribu ukiwa Mpanda.

Dirisha la pili ndio la mikoani, na huku ndiko walikosukumiwa wengi baada ya amri ya Bunge ya Mei 1647. Utaratibu ni kwamba mahakimu wa kaunti, ambao walikuwa mabwana wenye mashamba yao wala hawalipwi kwa kazi hiyo, wanakaa kikao mara nne kwa mwaka. Nne! Ukifika kikao kimevunjika jana unakula miezi mitatu ndio urudi. Ukikubaliwa unapelekwa kwa mtunza hazina wa kaunti, na huyo naye anakaa mwaka tu anakuja mwingine, kwa hiyo utasikia yale yale, mama faili lako liko kwa aliyekuwepo, mama parokia hazijaleta michango, mama mwaka huu mko wengi. Kuna wajane walioandika barua ya kwanza wakapitishwa, halafu wakaandika ya pili kulalamika kwamba walipitishwa lakini hela haijatoka, na hii ya pili ndio ilikuwa inanifanya nimguse mama mdogo kwenye benchi nimsomee.

Na hata amri yenyewe ya 1647 ukiisoma ina kamtego. Mjane anapewa juu ya kile anachopata kwa jasho lake na kile anachopewa na parokia kama msaada. Maana yake ukionekana unasokota sufi nyumbani au unafulia watu, bwana mkubwa anasema huyu mbona anajiweza. Ukionekana hufanyi kitu anasema mvivu. Na akiolewa tena ndio basi, hesabu yake imefungwa.

Sasa hela yenyewe, maana rivyuu bila bei ni umbea. Kule nao walikuwa na shilingi, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Askari wa miguu wa Bunge alikuwa analipwa peni 8 kwa siku. Mjane wa kaunti akibahatika kuwekwa kwenye daftari la kudumu alikuwa anapata kitu kama shilingi 40 kwa mwaka, wengi chini ya hapo, na wengine walipewa mara moja tu mkononi shilingi 10 au 20 wakaambiwa kwaheri. Shilingi 40 ni peni 480. Gawanya kwa 8. Yaani kwa mwaka mzima mama na watoto wanne wanakula mshahara wa siku 60 wa marehemu, siku zingine zilizobaki Mungu anajua. Na hiyo ni miaka ambayo mavuno yalikuwa mabaya mfululizo kuanzia 1646 mpaka karibu 1650, mkate umepanda, kila mtu analia.

Halafu kuna deni lingine ambalo mimi ndilo lililoniudhi kuliko yote. Marehemu wengi walikufa wanadai mishahara. Mwaka 1647 askari wa lile jeshi la New Model Army, ambalo ndilo lilimshinda mfalme, wa miguu walikuwa wanadai wiki 18 na wapanda farasi wiki 43, nusura waasi kwa sababu hiyo. Hao ni wazima, wana bunduki, wana uwezo wa kugoma, na bado wanazungushwa. Mjane atagoma na nini? Baadaye wakaanza kutoa hati za deni badala ya hela, karatasi inayosema serikali inakudai, ooh samahani, unaidai serikali, na mwenye njaa hawezi kula karatasi kwa hiyo hati zikawa zinauzwa kwa bei ya kutupa kwa wenye nazo, wengi wao maafisa wa jeshi hilo hilo. Madalali hawakuanza Kariakoo.

Turudi kwenye makaratasi maana hapa ndipo moyo wa huduma nzima ulipo na hapa nataka nikae kidogo.

Mjane wa kule wengi hawajui kuandika. Anachofanya anatafuta mwandishi, anamlipa, anamweleza, mwandishi anaandika. Mjane anaweka alama yake, au haweki kabisa. Na barua zote zina mfumo mmoja, inaanza na waheshimiwa mahakimu, inafuata ombi la unyenyekevu la fulani, mjane, halafu inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, kwamba mume wa mwombaji alitumika chini ya kapteni fulani, akauawa mahali fulani, akamwacha mwombaji na watoto wadogo kadhaa na madeni, na mwombaji ni mgonjwa, na mwisho kwamba mwombaji atawaombea dua waheshimiwa siku zote za maisha yake. Ukisoma kumi unadhani zote ni mama mmoja. Mpaka ufike kwenye ule mstari ambao mwandishi alishindwa kuubana, pale mama anapotaja kwamba vitu vya ndani viliporwa vyote na wanajeshi, au kwamba mtoto wa mwisho alizaliwa baba ameshakufa.

Na mimi hii naijua kwa macho. Kuna kibanda cha steshenari karibu na mahakama moja ya mwanzo hapa mjini, jina silitaji lakini mkienda huko mtakiona, printa iko mlangoni, feni inapiga kelele. Kuna kijana pale anataipu barua za mirathi kuanzia asubuhi. Mama mmoja alikaa kwenye kigoda akaamkiwa shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaulizwa marehemu alifariki lini. Badala ya tarehe akaanza kueleza kwamba ilikuwa siku ya mvua, walikuwa wametoka Muhimbili wakaambiwa anaendelea vizuri, alikuwa ameomba uji. Kijana mikono iko kwenye kibodi hataipu, anamsikiliza tu. Mama alipomaliza kijana akamwambia pole sana mama, cheti cha kifo unacho? Muhtasari wa kikao cha ukoo? Watoto wa chini ya miaka 18 wangapi? Halafu akaandika YAH, akaandika Husika na kichwa cha habari hapo juu, Mimi tajwa, na ule uji haukuingia. Haukuwa na pa kuingilia. Lakini barua ilikuwa na kila kitu ambacho karani anatafuta, tarehe, namba, majina, viambatanisho vimetajwa kwa mpangilio, na buku mbili tu. Huyo kijana ana nyota tano, na wenzake wa karne ya 17 nawapa tano pia, kwa sababu ndio watu pekee kwenye mnyororo mzima waliofanya kazi waliyolipwa.

Kilichokuwa kinawakwamisha wajane wa kule ni kiambatanisho. Unatakiwa uwe na cheti cha kapteni au kamanda kwamba kweli fulani alikuwa askari wangu na kweli kafa vitani. Haya, kapteni mwenyewe kafa pambano lile lile. Au kahamishiwa kikosi kingine kiko Ireland. Au yupo lakini alikuwa na watu mia kwenye kampani na hakumbuki wa kwako. Mume wako kafukiwa kwenye shimo moja na wengine pale Marston Moor Julai 1644, hakuna daktari, hakuna daftari, hakuna aliyeandika jina, na wewe uko siku kadhaa za mwendo kutoka huko umeletewa habari na jirani aliyerudi. Unathibitishaje? Wengi walikuwa wanakusanya majirani na viongozi wa parokia waweke majina chini ya karatasi kwamba huyu mama tunamjua na mumewe alikwenda na hakurudi. Ni barua ya serikali ya mtaa kabisa, na mjumbe wa nyumba kumi juu.

Na usije ukadhani connection zilisaidia kila mtu. Kuna mama mmoja anaitwa Elizabeth Alkin, wenyewe walimpa jina la utani Parliament Joan. Mumewe alinyongwa na watu wa mfalme kule Oxford kwa kulipelelezea Bunge. Mama hakukaa akalia, na yeye akaingia kazini, akawa anawafuatilia wachapishaji wa siri wa magazeti ya upande wa mfalme, wakubwa wanamjua kwa jina. 1653 Uingereza ikiwa inapigana na Waholanzi baharini akaenda kuuguza mabaharia Portsmouth, baadaye Harwich na Ipswich, na alikuwa anatoa hela yake mfukoni mpaka kwa majeruhi wa Kiholanzi waliokamatwa, halafu anaandika barua London kuomba arudishiwe, anaandika tena, anaumwa, anadaiwa. Karibu 1655 habari zake zinaisha. Mtu ambaye baraza la nchi lilikuwa linajua anakaa wapi! Sasa wewe mke wa mbeba mkuki wa kijijini.

Kastama kea kwa ujumla ni sifuri. Aprili 1649 wanawake wa London walikwenda kwa wingi Bungeni na ombi lao, safari hiyo sio la pensheni, walikuwa wanadai viongozi wa Levellers, lile kundi lililokuwa linapigania haki za watu wa kawaida, watolewe gerezani, wakajibiwa kwamba mambo haya ni makubwa kwenu nendeni nyumbani mkaangalie kazi za ndani. Bunge lile lile. Waume za wanawake hao hao ndio waliolipigania.

Sasa sikilizeni kilichoniangusha kabisa, kile kilichonifanya nishushe kutoka tatu mpaka mbili. Mwaka 1660 Charles wa pili mtoto wa mfalme aliyekatwa kichwa akarudi kwenye kiti. Savoy na Ely House zikafungwa, walemavu na wajane wakatawanywa warudi kaunti zao, na kwenye kaunti waliokuwa wakilipwa kwa upande wa Bunge wakaanza kufutwa kwenye daftari. Mwaka 1662 ikatoka sheria mpya, mafao ni kwa walioutumikia ufalme. Mama aliyekuwa anapokea zake 40 kila mwaka kihalali kabisa, na vyeti vyote anavyo, anafika dirishani anaambiwa mumeo alikuwa mwasi. Cheti kilichomfungulia mlango miaka 15 iliyopita sasa ndicho kinachomfungia. Na upande wa pili wa ukuta kuna mjane ambaye mume wake alifia upande wa mfalme pale Marston Moor, amekaa miaka 18 hana pa kupeleka barua, leo ndio anaambiwa haya mama lete maombi, na kapteni wa kumwandikia cheti yuko wapi miaka yote hiyo. Ukisoma barua za kipindi hiki waandishi ni wale wale na mtindo ni ule ule wa unyenyekevu, ila wamebadilisha kidogo tu, waliokuwa mashujaa wa Bunge sasa ni wavamizi wa mali ya mfalme. Steshenari haifungi kwa sababu serikali imebadilika.

Mimi siwezi kuipa nyota tatu huduma ambayo mjane hajui kama mwakani mumewe atakuwa alikufa kwa ajili ya nchi au alikufa bure.

Sheria ile ilikuwa ya muda na ilipoisha 1679 hakuna aliyeihuisha. Baada ya hapo, miaka ya 1680, mfalme akaanza kujenga jumba la Chelsea kwa ajili ya askari wazee na walemavu, zuri, lipo mpaka leo, wazee wake wanavaa makoti mekundu mmewaona kwenye TV. La askari. Mjane karudi kwenye foleni ya sadaka ya parokia, pale pale alipokuwa 1593.

Mtaniuliza dada hii inatuhusu nini. Pitieni pale Sanamu ya Askari Posta, ipo tangu 1927, msome maandishi yake badala ya kupiga selfi tu, inawataja askari, inawataja wabeba mizigo, inasema ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Mke hajatajwa popote, nimezunguka pande zote.

Mama mdogo bado anafuatilia, jalada linasemekana liko kwa mhasibu. Hiyo ofisi nitairivyuu hela ikishaingia, sio kabla, mimi sio mjinga.

Kama kuna mtu bibi yake alikuwa mke wa askari wa KAR (King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) aliyepelekwa Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia akafia huko, na ukoo unakumbuka kama bibi alipewa chochote, alipewa na nani, alisaini au aliweka dole gumba, naomba aniandikie. Mwenye karatasi yenyewe apige picha pande zote mbili, na zisiwe na flashi maana huwa inaunguza maandishi.